Tiketi Isiyotobolewa

Mkwepa faini hupitishwa kituo.

Juzi mlimsikia mama Atupele akimwambia hivyo mwanawe, yule aliyejifungia nyumbani siku ya mtihani kwa kuogopa kuulizwa karo, akakosa mtihani na mwaka mzima. Mkacheka. Sikuwalaumu, maana methali yenyewe inachekesha ukiisikia juu juu, na nani hajawahi kupitishwa kituo kwa usingizi akajikuta ugenini na kikapu chake? Lakini leo mmeniuliza ilikotoka, na ilikotoka hapachekeshi. Basi kaeni vizuri, na asiyependa kulia mbele za watu aende akafunge mbuzi. Methali hii ilizaliwa hivi.

Palikuwa na mtu mmoja aitwaye Yobu Simwinga. Msidhani ni zamani ile ya fisi na sungura. Ni juzi tu, reli ilikuwapo na magari yalikuwapo. Yobu alizaliwa Chinyewe, kituo kidogo cha pili ukishavuka mpaka, lakini alikuwa akiishi Ilembwe, upande huu wetu, akiendesha mashine ya kukoboa kahawa ya tajiri mmoja. Kutoka Ilembwe hadi Chinyewe ni safari ya treni ya nusu siku. Yobu alikuwa hajaikata kwa miaka kumi na miwili.

Sababu ilikuwa ng'ombe. Baba yake, Mzee Edisoni Simwinga, alikuwa na maksai wawili wa kulimia, waliofundishwa nira pamoja tangu wakiwa ndama. Siku moja mzee alikwenda msibani, na Yobu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili na kichwa kimejaa mambo ya vijana, akamswaga maksai mmoja hadi mnadani, akamuuza, akanunua baiskeli. Mzee aliporudi alimkuta maksai aliyebaki akilia zizini, na baiskeli mpya imeegemezwa ukutani, imefungwa utepe kwenye usukani.

Hakumpiga. Afadhali angempiga, maana kipigo huisha. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Chukua baiskeli yako uondoke. Na ulisikie neno hili: hata siku moja nikikuita kwa jina lako, usiitike."

Yobu akaondoka. Baiskeli ilikufa kabla ya mwaka, lakini lile neno halikufa. Alioa, akazaa, akazika mtoto mmoja, na katika yote hayo hakupeleka salamu Chinyewe, kwa sababu hakujua salamu kama hizo huanza vipi.

Mwaka wa kumi na mbili ikaja barua. Aliyeiandika ni mdogo wake, Tekla, ambaye ndiye aliyebaki na mzee. Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kifua kimembana baba tangu wakati wa mavuno, kwamba chakula hakipiti tena, uji tu, na hata huo kwa kubembelezwa. Mwisho ilisema, "Kaka, baba anakuita. Panda treni ya Jumatano, tutakupokea."

Yobu aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Hakuyatazama mengine. Alilitazama lile neno, anakuita, akalifunika kwa kidole gumba kama mtu anayeogopa litafutika. Mke wake anasema ndiyo siku ya kwanza kumwona akilia.

Tajiri alimpa ruhusa na mshahara wa nusu mwezi, ukatosha nauli na masalio kidogo. Sasa nauli ya reli ile ilikuwa na utaratibu wake. Tiketi ya upande huu iliishia mpakani. Pale treni ilisimama saa nzima, karani akapita kukusanya tiketi zote, na anayeendelea alitakiwa kushuka, abadilishe fedha, apange foleni dirishani akate tiketi nyingine ya upande wa pili. Ukikamatwa ng'ambo bila tiketi hiyo, faini yake ilikuwa nauli mara mbili, nayo haikuhesabiwa tangu mpakani. Ilihesabiwa tangu kule pwani treni ilikoanzia safari, kwa sababu huna karatasi ya kuonyesha ulikopandia. Usipoweza kulipa, mzigo wako ulishikwa, nawe ukakabidhiwa kwa polisi kwenye stesheni kubwa ya mbele.

Hiyo ndiyo sheria. Lakini ninyi mnawajua watu wetu wa mpakani. Wanyamwanga tuko huku na kule, shamba liko upande huu na makaburi yako upande ule, na hakuna bibi aliyewahi kumwambia mjukuu kwamba kwa shangazi yake ni nchi nyingine. Watu wakasema, inakuwaje tulipe nauli ya serikali mbili kwenda kwa shangazi mmoja? Wakabuni ufundi wao, wakauita kuazima choo. Kila mtoto wa Chinyewe aliujua kabla hajajua kusoma. Unapanda behewa la tatu, maana komeo la choo chake lilikuwa zima. Treni ikiondoka mpakani unaingia, unajifungia. Mkagua tiketi huanzia mbele, na akifika behewa la tatu treni iko karibu na Chinyewe; hapo hana muda wa kugombana na milango, anashuka na bendera yake ya kijani, nawe unatokea mlango wa upande wa pili, unaruka kwenye mawe, unakwenda zako kula ugali wa shangazi. Walicheka sana kwa jambo hili. Hata wazee wa kanisa waliazima choo.

Yobu hakukusudia kuazima. Alishuka mpakani na nauli yake mkononi, kweli akienda dirishani. Lakini njia ya kwenda dirishani ilipita sokoni, na sokoni palikuwa na mablanketi.

Lilikuwapo moja zito, la kahawia, lenye mistari miwili myekundu pembeni. Yobu akalishika. Akafikiri juu ya kifua cha baba yake na baridi ya Chinyewe. Akafikiri pia juu yake mwenyewe, mtu aliyeondoka na ng'ombe wa baba, sasa anarudi baada ya miaka kumi na miwili mikono mitupu, na atasema nini? Bei ya blanketi na nauli aliyobakiwa nayo zilikaribiana mno. Wakati bado analipapasa, mtu mmoja wa kwao akampita akamwita kwa furaha, "Yobu Simwinga! Unakwenda nyumbani hatimaye?" Akaitika, wakasalimiana, mtu akaenda zake. Yobu akalipa blanketi. Hakwenda dirishani.

Msimhukumu haraka. Alikuwa na aibu, na mwenye aibu hutafuta kitu cha kushika.

Treni iliondoka mpakani saa nne asubuhi. Yobu akaingia behewa la tatu, akajifungia chooni na blanketi lake kifuani, akakaa kama alivyokuwa akikaa ujanani. Kioo cha dirisha kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, isipokuwa mahali padogo palipokwanguliwa kwa ukucha au kwa msumari. Akahesabu madaraja kwa sauti ya magurudumu. Alikuwa anajua yote.

Kabla ya daraja la pili akasikia sauti.

Mkagua tiketi wa treni ile aliitwa Bwana Chisenga, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita kanisani. Kwa desturi alipita kimya, akigongagonga kitobolea chake cha tiketi kwenye viti. Siku ile alikuwa anaita. "Yobu Simwinga! Yumo humu Yobu Simwinga?" Sauti ilitoka behewa la kwanza, ikaja la pili, ikakaribia. Akina mama wauza dagaa waliokuwa wamekaa karibu na choo wakaanza kunong'ona. Yobu alimsikia mmoja akisema kwamba bwana huyo ana karatasi mkononi, anamtafuta mtu kwa jina, na mtu huyo amekwisha habari yake.

Yobu akaacha kuhesabu madaraja. Akamkumbuka yule mtu wa sokoni aliyemwita kwa jina lake lote. Akasadiki kwamba ndiye aliyemchongea. Akaliona blanketi limeshikwa, akajiona yeye mwenyewe yuko stesheni kubwa ya mbele, ameketi sakafuni kwa polisi bila mkanda, na baba yake anakata roho. Akajisogeza nyuma ya mlango, akaziba mdomo kwa pembe ya blanketi.

Chisenga alifika behewa la tatu treni ikiwa imeanza kupunguza mwendo. Alijaribu komeo. Akagonga. "Kama humo ndani yumo Simwinga, toka. Kuna jambo lako."

Yobu hakujibu.

Treni ikasimama Chinyewe. Chisenga hakushuka na bendera kama siku zote. Alisimama pale pale mlangoni, hatua mbili kutoka chooni, akawa anaita tena, safari hii kuelekea jukwaani, na mengine aliyosema huko yakamezwa na kelele za injini. Yobu akaweka jicho kwenye ule mkwanguo wa kioo. Aliona kipande cha mkokoteni wa ng'ombe umesogezwa hadi kwenye changarawe, na juu yake godoro, na juu ya godoro mwavuli mweusi ulioshikwa na mtu asiyeonekana. Chini ya mwavuli ulitokeza mkono mmoja, mwembamba sana, umelala juu ya shuka. Akadhani ni mgonjwa anayesubiri treni ya kurudi kwenda hospitali. Alimwonea huruma, akamwombea kimoyomoyo.

Treni ilisimama Chinyewe dakika tatu. Yobu alizingoja zote tatu, akingoja viatu vya Chisenga viondoke. Aliwaza kwamba liwalo na liwe, akipitishwa atashuka Mwalo, kituo cha mbele, arudi kwa miguu. Baba amemngoja miaka kumi na miwili, hashindwi kungoja siku moja zaidi. Filimbi ikalia. Mkokoteni ukaanza kurudi nyuma polepole, na mwavuli, na ule mkono, vikatoka kwenye mkwanguo.

Alikaa humo ndani mpaka aliposikia treni inavuka mto, maili ishirini mbele. Alipofungua mlango, Chisenga alikuwa ameketi kwenye kiti cha akina mama wa dagaa, anamtazama.

"Wewe ndiye Yobu Simwinga?" aliuliza.

Yobu akanyoosha blanketi kwa mikono miwili. "Lichukue, bwana. Thamani yake inakaribia nauli. Usinipeleke kwa polisi, baba yangu anaumwa."

Chisenga hakulipokea. Alitoa kwenye mfuko wa koti tiketi moja ngumu, ya rangi ya manjano, akamwekea juu ya blanketi. "Hii ni yako. Ililipiwa jana pale Chinyewe. Mkuu wa kituo akapiga simu mpakani, ikakatwa huko, nikapewa mimi nikukabidhi, kwa sababu hukwenda dirishani kujitaja. Nimekuita mabehewa yote."

"Mbona hukusema ni tiketi?"

"Ningesema ni tiketi, wangeitika akina Simwinga kumi."

Yobu akaigeuza ile tiketi. Kutoka mpakani hadi Chinyewe, mtu mmoja. Akauliza nani aliilipia, ingawa sauti yake ilikuwa imeshaanza kujua.

"Mzee mmoja," alisema Chisenga. "Alikuwapo pale kituoni leo, amelazwa kwenye mkokoteni, binti amemshikia mwavuli. Alitaka akupokee mwenyewe. Ni nani wako?"

Yobu akaketi sakafuni, uso ndani ya blanketi. Akina mama wa dagaa wakageuza nyuso. Baadaye alimwomba Chisenga aitoboe ile tiketi, ili angalau ionekane alisafiri kwa haki. Chisenga alishika kitobolea, akafikiri, akakirudisha kiunoni. Akasema kwamba tangu aanze kazi hutoboa tiketi kwa safari ya mtu anayefika, na hii haikufika. Hakusema kwa ukali. Faini hakumtoza.

Mwalo alishuka saa saba mchana. Treni ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa. Akaanza kutembea juu ya mataruma, hatua fupi fupi maana mataruma hayakuwekwa kwa ajili ya miguu ya mtu, blanketi begani. Giza lilimkuta kwenye kibanda cha mafundi wa reli, wakamkataza kuvuka daraja usiku. Alfajiri akaendelea. Njia nzima alikuwa akijaribu maneno. Atasema, baba, nisamehe. Hapana, ataanza na ng'ombe. Hapana, ataitika tu, maana ameitwa, na mtu akiitwa huitika kwanza.

Alipoliona boma la kwao aliwaona wanaume wamekaa nje kwenye magogo, kofia mikononi, na majembe matatu yameegemezwa pale pale ilipoegemezwa baiskeli. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Zizini alisimama maksai mmoja mzee, na pembeni yake punda mwenye alama ya nira shingoni. Mzee hakuwahi kununua maksai mwingine. Kwa miaka kumi na miwili alimfunga yule aliyebaki na punda, na watu wakamcheka, naye akalima hivyo hivyo.

Tekla alitoka ndani. Hakumkumbatia kaka yake. Alimtazama yeye, akalitazama blanketi, akauliza, "Ulikuwa kwenye treni?"

"Nilikuwamo."

Akakaa chini kwenye vumbi. Yobu akakaa naye. Hapo ndipo Tekla alipomweleza. Alisema kwamba baada ya barua kuondoka, baba aliamka siku moja akataka asaidiwe kukaa, akasema mtoto hawezi kuitwa kwa barua tu, lazima alipiwe njia, la sivyo atadhani ameitwa kwa kubezwa. Akauza madebe mawili ya ulezi wa mbegu. Siku ya Jumatano akakataa kungojea nyumbani. Treni iliposimama aliomba avuliwe kofia, ili mtoto amwone uso.

"Milango ikafunguka, hakushuka mtu," alisema Tekla. "Yule bwana wa tiketi akaja mlangoni, akatuambia amekuita treni nzima. Baba akamuuliza, ulimwita kwa jina lake? Akasema, kwa jina lake lote. Baba akaitazama treni mpaka ikaondoka."

"Halafu?"

"Halafu akasema, msimlaumu. Ameshika neno langu. Mimi ndiye niliyemkataza kuitika."

Hakufika nyumbani, alisema Tekla. Alikufa njiani, kwenye mkokoteni, kabla ng'ombe hawajarudi kutoka machungani.

Walimzika mchana ule. Wazee walikuwa wameshamfunga sanda, lakini walipoliona blanketi na kusikia habari yake hawakuwa na neno la kumzuia, wakamwacha amfunike nalo. Ilipofika zamu ya mwana wa kwanza kutupa udongo, Yobu alisimama ukingoni na udongo mkononi, na badala ya kuutupa akasema, "Naam, baba." Akangoja. Akasema tena, "Naam." Mjomba wake alilazimika kuufungua mkono ule kidole kimoja kimoja ili udongo uanguke.

Hakurudi Ilembwe kukoboa kahawa. Alihamisha mke na watoto, akawa mtu wa Chinyewe mpaka uzee. Nanyi mngemwona mngemshangaa kwa jambo moja: alikuwa mwepesi mno wa kuitika. Ukimwita akiwa shambani ataitika akiwa shambani, ukimwita usingizini ataitika kabla hajaamka. Ukimwita Yobu mwingine, huyu ndiye wa kwanza kusema naam. Watoto waovu walijificha nyuma ya migomba wakawa wanamwita na kukimbia, naye aliitika kila mara, akijua kabisa ni wao. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, kila nilipopelekwa kwa shangazi. Mungu anisamehe.

Basi miaka ikapita, na siku moja ya Jumatano vijana watatu waliruka kutoka mlango wa nyuma wa behewa la tatu, wakaja jukwaani wakicheka, wakijisifu jinsi walivyoazima choo na kumwacha mkagua tiketi anagonga. Mzee Yobu alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, kama alivyoketi kila Jumatano. Akawaita. Wakamwendea kwa dhihaka kidogo, maana walimjua kuwa ndiye mzee wa naam. Akatoa mfukoni tiketi ya manjano iliyolainika kwa kushikwashikwa, akampa wa kwanza, akamwambia aitafute tundu. Kijana akaigeuza huku na huku, akaiinua kwenye mwanga, akasema haina tundu.

"Haina," alisema Yobu. "Aliyeninunulia alikuwa pale, palipo na changarawe. Nilimwona mkono."

Kisha akawaeleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka, na kwa mbali kidogo mama mmoja akawa anamwita mtoto wake aje wabebe mzigo. Mzee akainua kichwa akaitika, halafu akagundua si yeye, akatabasamu kwa haya. Akaichukua tiketi yake, akawaambia wale vijana neno ambalo tangu siku hiyo tunalisema sisi sote, wengi wetu bila kujua tunamsema nani:

"Mkwepa faini hupitishwa kituo."